Makofi kwa Udongo wa Kiuu

Nyumba yangu ya Theta ilitoka shimoni. Mawe yake yote yalichongwa kwenye kwari iliyo nyuma ya ploti zetu, na nyumba za majirani zangu zilitoka humo humo. Sisi tulivyopanda juu ndivyo shimo lilivyoshuka chini. Mawe mazuri yalipokwisha, wenye kwari wakaenda zao wakatuachia bonde la mwamba lenye maji ya mvua ya kijani. Hatukulalamika. Mtu anayejenga hana muda wa kulalamikia shimo. Mbuzi walishuka kunywa, wanawake walifua pale Jumamosi, na mume wangu, Mungu amrehemu, alizoea kusema kwamba anayetaka kujua ukubwa wa nyumba yetu aende akalitazame lile shimo.

Mimi ni mtoto wa Majengo, Thika, na nimezeekea kwenye kiwanda cha nguo katika Eneo la Viwanda, mpaka masikio yakazoea kuvuma yenyewe hata siku ambayo mashine zimezimwa. Ulimi ndio haukuzeeka. Mume wangu alinitania kwamba siku pekee niliyofunga mdomo ni siku ya ndoa yetu. Ni kweli. Nilikuwa nimeketishwa chumbani kwa shangazi, nimefunikwa kanga, mashahidi wakaja mlangoni kuniuliza kama nimeridhia. Nilitaka kujibu, lakini nilikuwa na peremende kubwa mdomoni niliyopewa ili nisilie. Kimya kikapita. Shangazi akawaambia, "Kanyamaza, karidhia," nao wakaenda kufunga ndoa. Kwetu msichana akinyamaza amekubali. Kwa mume yule sikujutia kimya changu hata siku moja.

Theta tulichimba kisima kabla ya kuezeka nyumba. Mume wangu alishuka mwenyewe pamoja na fundi, na siku walipofikia maji alipanda juu akiwa na tope mpaka kwenye nyusi, akacheka mpaka akakaa chini. Alifariki kabla hatujapiga plasta. Nikabaki na kuta za mawe, kisima, na binti mmoja aliyepanga nyumba Kiuu, upande wa Ruiru, na binti huyo alikuwa na mtoto mmoja wa kike. Kila shule zilipofungwa mjukuu wangu aliletwa kwangu. Akishuka tu, kabla hata ya kunisalimia vizuri, alikuwa akiulizia ndoo yake. Ilikuwa mkebe wa rangi iliyokwisha, nikautia mpini wa waya na kamba fupi. Alidhani anateka maji, kumbe namjazia mimi. Baada ya kifo cha mume wangu sikuwa na jambo jingine la kungojea duniani ila shule kufungwa.

Sasa nieleze udongo.

Nyuma ya nyumba alikopanga binti yangu palikuwa na yadi ya vyuma kuukuu. Vijana wa yadi walinunua takataka za kiwanda kimoja kilichofungwa, na ndani ya takataka hizo kulikuwa na kitu kizito mfano wa chungu. Wakakikata kwa gesi. Baadaye tuliambiwa kwamba vyungu vya namna ile hufungwa kwenye matangi ya viwandani kupima yamejaa kiasi gani bila kuyafungua, na kwamba moyoni mwa kila kimoja mna punje ndogo yenye mionzi ambayo haifai kuguswa wala kukaribiwa. Wale vijana hawakuambiwa na mtu. Mikono yao ilibabuka kama ya mtu aliyeshika sufuria ya moto, na ile punje ikasagika ikachanganyika na udongo wa yadi nzima, ikakanyagwa na kila mpita njia.

Serikali ilikuja na mashine ya kupima mionzi, yenye kulialia, na watu wachache waliovaa nguo nyeupe mwili mzima. Wakafunga yadi kwa utepe, wakaondoka. Siku zikapita, utepe ukakatika, kuku wakaingia. Hapo ndipo wapangaji wa Kiuu walipofunga barabara. Binti yangu alikuwa mbele. Jirani yangu aliniletea simu nimwone: amejifunga leso kiunoni, anagonga sufuria kwa mwiko, anapayuka, "Mchanga iende! Mchanga iende leo!"

Mwandishi wa habari akamuuliza, "Iende wapi?"

"Popote! Bora si hapa. Tuko na watoto!"

Nilijivuna, siwezi kukataa. Nilimwonyesha kila aliyepita, nikisema ule mdomo ni wangu. Na walishinda. Serikali iliokota vijana mtaani, ikawapa sepetu, glavu na buti za mpira, wakauchota udongo wote mpaka wakafikia mwamba, wakautia kwenye mapipa. Kiuu ikapumua. Binti yangu alinipigia simu akilia kwa furaha, nami nikasoma dua ya shukrani. Hakuna hata mmoja wetu aliyerudia lile swali la mwandishi.

Haikuchukua muda chifu wetu akaitisha baraza uwanjani Theta. Lazima nieleze jinsi mabaraza yetu yalivyo, maana hapo ndipo tulipopotelea. Mgeni akija haondoki hivi hivi. Awe mbunge, awe muuza mbegu, awe muuza majiko, akimaliza kusema anapigiwa makofi ya kilo. Mtu mmoja anaita, wengine tunapiga kwa mpigo mmoja, na kofi la mwisho tunamsukumia mgeni kwa viganja viwili, kama unamkabidhi kitu. Ni heshima tu, haina uhusiano na alichosema. Mgeni asiyepigiwa kilo amefukuzwa. Na mwitaji mkuu wa kilo Theta nzima alikuwa jirani yangu huyo wa simu, mama mmoja kutoka Magharibi, mwimbaji wa kanisani, mwenye sauti ya kuamsha ng'ombe wa kata ya pili. Mimi Mwislamu na yeye mlokole, tulikuwa tunataniana kwamba siku ya kiyama yeye atawaitia malaika kilo.

Siku ile mgeni alikuwa afisa mmoja kijana kutoka serikalini, mpole, viatu vyake vimeng'arishwa vikapigwa vumbi letu. Alisema kuna "vifaa" vinavyohitaji pa kuhifadhiwa kwa muda, vimefungwa salama, na kwamba kwari yetu, upande wa juu ulio mkavu, imeonekana inafaa. Alisema "kwa muda" mara nyingi sana. Neno Kiuu hakulitaja. Kijana mmoja aliuliza kama kutakuwa na kazi. Afisa akasema ndiyo, kazi za kuchimba mashimo ya nguzo za uzio. Kisha akashukuru.

Jirani yangu akasimama, akapangusa mikono kwenye sketi. "Mgeni wetu amekuja mbali, ama namna gani? Kilo!"

Tukapiga. Nami nikapiga, tena kwa nguvu, maana yule afisa alikuwa amevumilia jua.

Malori yalikuja wiki hiyo hiyo, na polisi mbele. Niliyaona mapipa yakitiwa ndani ya kontena lililowekwa kwari, mapipa ya buluu yenye alama ya njano ya majani matatu, ya kuonya mionzi, yale yale niliyoyaona kwenye simu yakipakiwa Kiuu. Tulikwenda kwa chifu, wanawake kumi hivi, tukiongea wote kwa pamoja. Chifu alitutazama kwa mshangao wa kweli.

"Atĩrĩrĩ, sikizeni, kina mama. Si nyinyi mlipiga makofi? Mimi nikapeleka ripoti, wananchi wameunga mkono. Hata kijana yenu akaomba kazi."

"Tulimpigia mgeni!" jirani yangu akasema. "Hatukupigia mchanga!"

"Sasa mimi nitajuaje makofi ya mgeni na makofi ya mchanga? Makofi ni makofi."

Tukarudi nyumbani. Jirani yangu alitangulia peke yake. Tangu siku hiyo sikumsikia tena akiita kilo, hata harusini.

Kumwambia binti yangu kulinichukua muda, na nilipomwambia nilitumia maneno ya yule afisa, vifaa na kwa muda. Hakudanganyika.

"Mum, ni mapipa ya rangi gani?"

"Ya buluu."

"Iko na ile alama ya yellow?"

Nikasema iko.

"Hiyo ni ile mchanga yetu. Ile tulifukuza huku. Mum, mimi ndio niliifukuza ikakuja kwako."

Nikamwambia asijilaumu, nikamtania kwamba alisema popote na serikali kwa mara ya kwanza ikamsikiliza mtu. Hakucheka. Alisema mtoto hatakuja likizo hiyo. Alikuwa amekaa miezi mingi kwenye lile vumbi akimzuia mtoto asitoke nje, akimwosha miguu kila akitoka choo cha nje, hawezi sasa kumleta mwenyewe mlangoni pa kitu hicho hicho. "Mpaka itoke hapo," akasema. "Ikitoka, hata kesho namleta." Mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha kumlinda mwanawe.

Kwa hiyo nikaingia katika vita vya kuutoa udongo. Tuliunda kamati, mimi na jirani yangu na wengine. Tukaomba maji ya visima yapimwe. Akaja mtu na chupa, akateka kwangu, akaenda. Jibu lilikuja kwa mdomo wa chifu: maji hayana shida kwa sasa. Nikamuuliza hiyo kwa sasa ni mpaka lini. Akaniambia, "Mama, hata mimi na wewe tuko sawa kwa sasa." Tangu hapo nikaacha kunywa maji ya kisima cha mume wangu. Nilinunua ya mkokoteni, nikayapika, na ya kisima nikaogea nikiwa nimefumba mdomo kama mtoto. Sijui kama yana kitu. Kama ningeambiwa ni sumu ningekifukia nikalia yakaisha. Sikuambiwa chochote, nikabaki nakitazama kila asubuhi kama mtu anayemuuguza mgonjwa.

Uzio nao ulikuwa na kisa chake. Vijana wetu walichimba mashimo ya nguzo kweli, wakafunga waya, wakasimamisha kibao cha chuma chenye ile alama ya majani matatu. Mlinzi hakuletwa. Haikupita muda waya ukaanza kupungua, kipande kwa kipande, mwisho kibao chenyewe kikatoweka. Nani asiyejua kilikokwenda? Chuma ni chuma, na yadi za vyuma hazikuisha kwa sababu moja imefungwa Kiuu. Tukacheka kicheko kibaya siku hiyo. Kitu kilichotuletea balaa kilianza kwa kuuzwa kwenye kilo ya vyuma, na onyo lake nalo limeuzwa kwenye kilo ya vyuma.

Basi kamati ikawa ndiyo mlinzi. Tulipeana zamu za mchana, wanawake wawili wawili, tukikaa juu ya kwari na kufuma vitambaa au kuchambua mboga, tukiwafukuza mbuzi na watoto. Serikali ilipopata habari ilitusifu. Chifu alisema tumekuwa mfano wa jamii inayoshiriki. Pamoja na kutusifu huko hakuna aliyeleta hata kipande cha waya. Masika yalipokuja tulikaa chini ya miavuli tukitazama maji ya chini yakipanda kuelekea kontena. Mvua ikakoma maji yakiwa yamelamba matofali ya zege yaliyokaliwa na kontena. Nilihesabu hiyo kuwa rehema, lakini moyoni nilijua mvua haikukoma kwa ajili yetu na mwaka mwingine itanyesha.

Tuliandika, tukatumwa ofisi hii na ile, Thika wakatwambia Nairobi, Nairobi wakatwambia jambo liko kwa wataalamu. Dua la kuku. Likizo zikapita. Mjukuu wangu alikuwa akiniuliza kwenye simu, "Nyanya, ndoo yangu bado iko?" Namwambia iko. Ilikuwa imening'inia msumarini jikoni, kamba yake imekauka.

Kisha baraza la pili likaitishwa. Tuliambiwa mapema kwamba serikali inatunga sera ya taka zenye mionzi na inataka maoni ya wananchi. Kamati ilikutana kwangu, sebuleni, nyumba ikajaa. Hasira ilikuwa kubwa. Kila mtu alikumbuka jinsi baraza lile la kwanza lilivyotunyonga. Makofi yaligeuzwa ndiyo. Swali la kijana kuhusu kazi liligeuzwa ombi. Hata sala ya kufungulia mkutano chifu aliitaja kwenye ripoti, kwamba wananchi walianza kwa kuubariki mradi.

Jirani yangu, aliyekuwa hasemi mikutanoni tangu siku ya makofi, ndiye aliyetoa shauri. "Tukae kimya," akasema. "Wote. Mtu asipige kofi, asiseme amina, asiulize kitu. Chenye utatoa kwa mdomo wako watageuza. Tumnyime yote, aone vile tumekasirika."

Wote wakakubali. Nami nikakubali. Theta haijapata kumnyima mgeni makofi, na tuliona hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Niliwaza jinsi yule afisa atakavyobaki amesimama kwenye jua bila kilo, aibu imwingie mpaka kwenye viatu vyake. Nililala vizuri.

Siku ilipofika tulijaa uwanjani kuliko siku zote. Viganja vilikuwa vimefichwa makwapani, kwenye leso, chini ya mapaja. Afisa alikuwa yule yule. Chifu akafungua kwa sala mwenyewe, na amina ikawa ya kwake peke yake.

Afisa akaeleza sera. Nami nilisikiliza kila neno, maana kiwandani nilizoea kusikiliza penye kelele, sembuse penye kimya. Alisema kuanzia sasa taka hizi hazitahamishwa kupelekwa popote bila jamii ya huko kukubali. Alisema serikali imejifunza kutokana na Kiuu. Alisema haya ni mafanikio ya wananchi wenyewe, waliopaza sauti. Alisema maeneo kadhaa yameulizwa na yote yamekataa, ambayo ni haki yao. Kwa hiyo taka zitakaa pale ambapo jamii ilishazipokea, jamii mwenyeji, nayo ni Theta, na hifadhi ya kwari itafanywa ya kudumu.

Ya kudumu. Nilitazama kushoto na kulia. Watu walikuwa wamekaza taya, macho mbele, kimya chao kimewapendeza.

"Kabla hatujafunga," afisa akasema, "sheria inataka niulize. Kuna mwenye pingamizi?"

Upepo ulipita kwenye mahindi. Mtoto akakohoa, mama yake akamziba mdomo.

"Nauliza tena. Kuna yeyote mwenye pingamizi?"

Hapo peremende ile ya miaka yote iliyopita ikarudi mdomoni mwangu. Niliuonja utamu wake kabisa. Nikawaona mashahidi mlangoni, nikamsikia shangazi. Nikaanza kuinuka. Jirani yangu akanishika mkono kwa nguvu, akaninong'oneza, "Tulikubaliana. Usituvunje." Machoni alikuwa na machozi. Alikuwa mwanamke aliyelaumiwa kwa makofi, na hiki kimya kilikuwa kazi yake ya kujisafisha. Nilipojinasua nikasimama, afisa alikuwa ameshafunga faili.

"Basi, kwa kuwa hakuna pingamizi," alisema, "nawashukuru sana watu wa Theta."

"Mimi napinga!" nikapiga kelele. "Tunapinga wote! Hiki ndicho tulichokuwa tunasema!"

Chifu akanipungia mkono kwa upole, kama mtu anayemtuliza mlevi harusini. "Mama, wakati wa maswali umepita. Utaleta kwa ofisi." Afisa alikuwa anaingia garini. Hakuonekana mwenye aibu hata chembe. Alionekana mtu aliyetoka kwenye mkutano mwepesi kuliko yote ya mwezi ule. Hakujua kwamba amenyimwa kitu.

Watu walinigeukia. Wengine walinikasirikia kwa kuvunja kimya, na kwa muda mrefu hawakuelewa. Jirani yangu alielewa kabla yao. Alikaa chini pale pale kwenye nyasi na viganja vyake bado viko makwapani.

Nilimpigia binti yangu jioni ile kabla ya magharibi. Nilimweleza yote, jamii mwenyeji, ya kudumu, pingamizi.

"Na nyinyi mkasema nini?"

"Hatukusema kitu."

"Mum, hata wewe?"

Nikasema hata mimi, nilichelewa. Nilisikia nyuma yake sauti ya mjukuu wangu akiomba apewe simu, na mlango ukifungwa taratibu. Nikamuuliza, huku nikijua shule zinafungwa mwisho wa mwezi, kama likizo hii atamleta, hata kwa siku moja, hata wasiguse maji, nimwone tu.

Akanyamaza. Nilingoja mpaka adhana ikaanza msikitini kwao, nikaisikia kupitia simu, na bado alikuwa kimya. Kimya hicho yule afisa angekipeleka Nairobi kwamba ni ndiyo. Mimi nimemzaa, najua ni hapana. Nilikata simu, nikaenda jikoni, nikaishusha ile ndoo msumarini.